Ndege ya Jeshi Imetua Mezani Kwetu

Kwako Baba Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Hapa wote wazima, isipokuwa mimi. Nakuandikia kwa adabu zote za mkwe, lakini maji yamenifika shingoni. Ni kuhusu binti yako na ile ndege ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa ndege ya jeshi ya kubebea askari na magari, uliyomletea zawadi ukisema itampumzisha akitoka kazini. Baba, tangu afungue lile boksi hajapumzika yeye, wala mimi, wala watoto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Meza ya chakula imetekwa. Bawa la kushoto linakauka upande wangu, la kulia upande wa watoto, na katikati kuna mkia usioruhusiwa hata kupumuliwa. Tunakula kwenye ngazi, sahani magotini. Mimi, mwalimu wa udereva, ninayefundisha watu kurudisha malori nyuma, nimekatazwa kurudisha kiti changu nyuma.

2. Vibanio vyote vya nguo vimeandikishwa jeshini. Anasema nusu mbili za kiwiliwili cha ndege zimetoka kiwandani zimenuniana, hazikutani bila kubanwa. Sawa. Lakini nguo zetu sasa zinaanikwa hivihivi, na juzi shati langu la kazi lilipaa hadi kwa jirani. Katika nyumba hii, ndilo pekee lililowahi kuruka.

3. Fundi bomba alikuja kutengeneza bomba la jikoni. Siku hiyo tairi moja, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa limedondoka. Binti yako, ambaye ni fundi wa miwani na jicho lake unalijua, alifunga mlango akasema, “Hatoki mtu.” Yule bwana wa watu akatambaa sakafuni na tochi mdomoni, mpaka akalikuta kwenye pindo la suruali yake mwenyewe. Akashangiliwa, akapewa chai, akaoneshwa chumba cha marubani, akaenda zake amefurahi. Bomba bado linavuja.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Ndege hii ni nzito nyuma. Isipowekewa uzito puani, inakalia mkia kama mbwa. Inataka kitu kidogo, kizito. Nilivua pete yangu ya ndoa ninawe mikono. Kurudi, pua imeshagandishwa kwa gundi! Nilipouliza, alinijibu bila kuinua macho, “Dhahabu ni nzito, mume wangu. Tena humo hutaisahau bafuni.” Pete uliyoshuhudia nikivishwa, Baba, sasa ni mali ya jeshi la anga.

Kwa hiyo naomba umwite kikaoni, Mama Mkwe akiwepo, umwamuru apasue pua na aachie meza. Akikataa, nitahamia kwenye gari la mafunzo.

Nisalimie Mama Mkwe, shemeji zangu wote, na yule jirani yenu mwenye kikohozi. Natumaini amepata nafuu.

Ni mimi mkweo mtiifu, kidole kitupu,
Baba Pacha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, tumeisimamisha ndege kwa mara ya kwanza. Ikakalia mkia. Nilimwona binti yako akiinamisha uso, na sijui nini kilinipata, Baba: nilichukua kisu, nikapasua pua mwenyewe, nikamwambia, “Lete na pete yako.” Sasa imesimama kwa magurudumu yote, na pacha wanaipigia saluti. Kikao kiahirishwe. Ila kama Mama Mkwe ana hereni nzito asizozivaa, tunaziomba. Nimeagiza ndege ya pili, na hiyo ni kubwa zaidi.