Suti Iliyolala kwa Dobi

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Nimeduwaa. Shahada yangu ya Biashara imetundikwa ukutani kwa dada Kalekye, juu ya redio, na mpaka leo hakuna benki iliyokuja hapa mtaani Baba Dogo kunitafuta. Chuoni tuliambiwa kampuni zitatugombania. Mhadhiri alisema hivyo kwa kinywa chake, na alikuwa na akili timamu.

Leo wakati wa chai Kalekye kanipa habari. Amezungumza na Mjomba Kitonga, anayechonga vinyago nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nisipopata kazi wiki hii, Jumatatu ijayo naanza kupiga tembo msasa. Tembo! Mimi, Maingi, niliyesomea uongozi wa viwanda! Nilimweleza dada kwamba meneja hasugui masikio ya tembo. Akasema vizuri, basi nitaanzia mikonga.

Lakini matumaini yapo. Alhamisi nimeitwa kwa mahojiano katika kampuni ya rangi, nafasi moja tu ya meneja anayejifunza kazi. Ameitwa pia Bedan Wanyoike wa Huruma, niliyesoma naye darasa moja. Simwogopi. Bedan hana suti.

Mimi pia sina.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepata suti! Tena kisomi. Patrobas, dobi wetu, anawafulia wakubwa wa mtaa wa Lucky Summer. Suti zao zinaletwa Jumatatu na kuchukuliwa Jumamosi, tayari kwa kanisa. Katikati zinaning'inia tu. Nikamfundisha kwamba katika biashara mali iliyolala ni hasara. Suti ikivaliwa Alhamisi na kijana msafi, nani kaumia?

Patrobas alikuna kichwa, pasi mkononi. "Na mwenyewe akikuja kuiulizia, nimwambie nini?"

Nikamshauri aseme bado inakauka. Alishangaa. Mtu ana biashara miaka yote hii na jibu rahisi namna hiyo halijamjia!

Nimechagua ya kijivu yenye mistari myembamba. Mabega yananikaa vizuri, kiuno kinazidi, mshipi utashika. Patrobas alitaka kuifua kwanza. Nikamkataza, isije ikachelewa kukauka kweli. Aipige pasi tu. Kama shukrani nitampa mashauri ya biashara bure. Sikuona furaha niliyotarajia.

Jumatano, 3 Septemba

Shati langu jeupe limechanika mgongoni, kutoka kola hadi kiunoni. Kalekye alitaka kulishona. Nikakataa. Koti litafunika, na kupoteza uzi mahali pasipoonekana ni matumizi mabaya ya rasilimali. Akarudi kuchambua mahindi yake ya muthokoi.

Jioni nikamkuta Bedan dukani. Anakwenda mahojiano na sweta yake ya sekondari, ile yenye viraka vya viwiko. Sweta! Mbele ya mameneja! Nilimwuliza kama ukoo mzima hauna hata mtu mmoja wa kumwazima koti. Akasema yupo, lakini sweta ameizoea. Nilishtuka nikasahau chumvi niliyotumwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Niandike polepole.

Niliingia wa kwanza. Mkuu wa mambo ya wafanyakazi ni Bwana Ndeti, mtu wa makamo, mnene kidogo, na kumbe ni Mkamba mwenzangu. Nikaona mambo yamenyooka. Barua yangu alikuwa ameisogeza hadi puani kama anainusa. Akaniomba radhi. Miwani yake imempotea tangu Jumapili akitoka kanisani, na bila hiyo watu wote kwake ni vivuli. Nijieleze tu kwa mdomo.

Akauliza kama nimewahi kubuni mpango wa biashara ukafanya kazi. Swali tamu hilo! Nikampa mpango wa dobi wote. Suti zinavyolala. Wakubwa wa Lucky Summer wasivyojua kitu. Hata jibu la bado inakauka. Bwana Ndeti alicheka sana. Akasema ajabu, jana aliiulizia suti yake na dobi akamjibu hivyo hivyo. Nikacheka naye. Madobi wote ni wamoja, nikamwambia.

Katika kucheka, kitu kigumu kikanichoma ubavuni. Mfuko wa ndani wa koti. Miwani! Ya kahawia, mkono mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu. Nikaona Mungu yuko upande wangu. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwomba mzee aijaribu, huenda ikamfaa.

Ikamkaa barabara. Akasoma barua yangu bila kukwama hata mara moja. Nikatabasamu. Akashika ule uzi mwekundu, akaupapasa. Kisha akainua macho. Akaanzia kola. Akashuka vifungo. Akafika suruali.

"Kijana," akasema taratibu, "hiyo suti ni yangu."

Butwaa niliyopigwa sijui kuieleza. Koti alilitaka palepale. Suruali akaniachia kwa utu, niirudishe Jumamosi. Lile shati nililikumbuka nilipogeuka kwenda mlangoni na kumsikia karani wake akimwita Yesu. Nikatoka kinyumenyume, nikapita mbele ya wote waliokuwa wakingoja, nikiwaaga kwa tabasamu. Nikamkanyaga Bedan.

Ijumaa, 5 Septemba

Kazi kapata Bedan. Na ile sweta! Dunia imekwisha.

Nilikwenda kumfariji Patrobas. Bwana Ndeti amechukua nguo zake zote na majirani wamefuata. Patrobas alinimwagia maji ya sabuni. Iliumiza zaidi kuliko kama angenitukana.

Jioni Bedan akapita nyumbani. Akasema nikiitwa tena mahali, ataniazima sweta. Sikujua niangalie wapi kwa aibu, yaani aibu yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Mikonga kumi na miwili. Vumbi hadi masikioni. Mjomba Kitonga anasema mkono wangu si mbaya.

Nimetafakari sana na nimeona kosa lilipokuwa: dobi wa karibu na nyumbani, na mifuko isiyokaguliwa. Hayo hayatarudiwa. Mchana nilikwenda kwa dobi mwingine, mbali, upande wa pili wa Huruma. Ana suti ya buluu, safi sana. Mifuko yote nimeikagua mwenyewe, mitupu. Mwenye suti ni mkubwa katika kampuni moja ya bima mjini.

Alhamisi hii nimeitwa tena kwa mahojiano, katika kampuni hiyo hiyo. Afadhali, suti itakuwa inajua njia.