Tumepunguziwa Watoto, Tumeongezewa Mbuzi

Kambi ya Rayhana,
Safu ya pili kutoka tangi la maji,
Hema lenye kiraka cha bluu.

Jumatatu, wiki ya pili baada ya Idi.

Kwa Ustadh Mutahar, Mkuu wa Takwimu za Afya.

Ndugu yangu katika dini, na mwana wa watu wema bila shaka,

YAH: KUPUNGUZIWA WATOTO NA KUONGEZEWA MBUZI

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekula na umelala. Sisi hatujambo, isipokuwa haya ninayoyaandika hapa chini, ambayo ni mengi. Mimi ni Taqiya, mke wa Qaid mfyatua matofali, ila hapa kambini ukimuulizia Taqiya hutaonyeshwa mtu. Uliza Mama Hizam. Darasa nilifika la pili tu, mengine nimeyaokota katika hema la kisomo cha kina mama, kwa hiyo herufi zikipinda uzinyooshe mwenyewe. Binti yangu Arwa alitaka kuiandika upya, nikamkatalia. Mwandiko ukiwa mzuri mno, mtu husifu mwandiko akasahau malalamiko.

Habari yenyewe ni hii. Ng'ambo ya bonde, katika kambi ya wenzetu, surua imeingia. Gari la chanjo lilikuja kwetu Alhamisi, likachanja watoto arobaini, sanduku likawa tupu. Mwanangu Shams, aliyeanza kutembea juzi juzi, alikuwa mgongoni kwangu katikati ya foleni. Tulirudi hemani kama tulivyokwenda. Tangu siku hiyo kila asubuhi namvua kanzu nimtazame kifua kabla hata sijawasha moto.

Muuguzi aliniambia, "Mama Hizam, si mimi. Takwimu zinasema kambi hii ina watoto arobaini."

Nikamuuliza, "Na hizo takwimu anazitunza nani, nimwendee?"

Ndipo akanitajia jina lako. Kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu kwa namba, maana nasikia wewe ni mtu wa namba.

1. Kwanza ni ile siku ya kuhesabiwa. Ulimtuma binti anayeitwa Ghusun, mwenye adabu zake, aliyeikumbatia tableti kifuani kama mtoto mchanga. Alisimama mlangoni, hajaketi, hajanywa hata maji, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi safu ya nne, "Mama, una watoto wangapi wa chini ya miaka mitano?" Ustadh, nina jirani kulia na jirani kushoto, na mmoja wao hajajaliwa mtoto tangu aolewe. Nimjibu nini mlangoni? Jicho si lazima liwe na nia mbaya, linatosha kuwa jicho. Nikasema, "Mmoja, mwanangu, na huyo mwenyewe kifua kila siku." Akaandika mmoja. Hapo ndipo kosa lenu lilipoanza, kwa sababu mtu yeyote aliyezaliwa na mama anajua kwamba mama akisema mmoja hajamaanisha mmoja. Mama yako mwenyewe, Mungu amtunze, naamini alikupaka masizi usoni wageni walipokuja kukutazama, na ndiyo maana umefika hapo ulipo.

Na liko lingine, nitalisema mara moja tu kisha tuendelee na furaha zetu. Kule kijijini kwetu, mtu wa mwisho aliyekuja na kalamu kuuliza nyumba hii ina wavulana wangapi, alifuatwa na gari baada ya mwezi, na halikuwa gari la chanjo, liliondoka na wavulana kwenda vitani. Hizam wangu ana miaka kumi na minne. Ukiona mama wa kwetu anapunguza, usidhani hajui hesabu. Hesabu anaijua kuliko wewe.

2. Pili ni mbuzi. Siku hiyo hiyo kina mama tulikuwa tumekubaliana wadogo wote wakae hema la Bibi Sabira, mjane wa kutoka Zabid, ambaye kwa umri wake hakuna wa kumshuku. Tuliwapanga humo kama mikate kapuni, tukawapa tende wanyamaze. Binti Ghusun akafika. Mimi nilikuwa karibu, najifanya naanika nguo zilizokwisha kauka, nikasikia yote.

"Bibi, humu ndani kuna watoto?"

"Watoto wa nini, mjukuu wangu, na magoti haya? Ni mbuzi."

"Mbuzi wanakohoa hivi?"

"Vumbi hili linamwacha nani?"

"Wako wangapi?"

"Andika sitini. Wengine wana mimba."

Hapo mbuzi mmoja akapiga chafya, akasema Alhamdulillah.

Ghusun akainua macho. Bibi Sabira hakupepesa. "Wa Zabid hao," akasema, "mji wa wanazuoni."

Ustadh, yule binti si mjinga. Alicheka mpaka akashika kamba ya hema asianguke. Lakini aliniambia baadaye kwamba ile tableti ina kisanduku cha watoto na kisanduku cha mifugo, cha kicheko haina, na haikubali kwenda mbele bila namba. Akaandika watoto sifuri, mbuzi sitini. Sasa tazama mwenyewe nani amekosa. Bibi alijibu alichoulizwa, binti aliandika alichoambiwa, mashine ilimeza ilicholishwa. Umebaki wewe.

3. Tatu, kabla hata ya chanjo ya watoto, likaja gari la chanjo ya mbuzi. Tena jipya. Wakashuka vijana wawili wenye mabuti, wakauliza waliko mbuzi sitini wa Bibi Sabira. Kambi nzima ina mbuzi wanne, na mmoja wao ni wa jirani yangu Mama Ghalib, analala ndani, tunamchukulia kama ndugu.

Bibi Sabira akawajibu, "Mmechelewa. Wameolewa wote."

Basi wakachanjwa wale wanne, na wale vijana kwa kuzionea huruma dawa zilizobaki walitaka kuwarudia mara ya pili. Leo mbuzi wa Mama Ghalib ana kadi yenye mhuri. Shams hana. Wakikutana njiani, anayeona aibu ni mimi.

4. Nne, nimeambiwa ripoti yako imeandika kwamba Rayhana ina watoto wachache, mifugo mingi na wajane wenye uwezo, na kwa sababu hiyo muuguzi aliyekuwa akija kila wiki sasa atakuja kila mwezi. Bibi Sabira aliposikia ameandikwa tajiri alifurahi mno, akatualika safu nzima tunywe kahawa ya maganda, kisha akatuma mtu kwangu kuomba sukari.

5. Tano ni ubishi wa kina mama wenzangu, na hili nalo nakulalamikia wewe kwa kuwa sina mwingine. Ghusun alisema gari la chanjo halirudi bila idadi mpya. Nikamwambia, hilo dogo, sisi wenyewe tunajuana. Nikapita hema kwa hema. Mama Ghalib, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akanitazama usoni akasema, "Mmoja."

"Mama Ghalib, huyo wa pili nimemkata kitovu kwa mkono huu."

"Basi kama unajua, waniuliza nini? Au umeajiriwa?"

Hema la nne nikakata tamaa. Nilirudi kwangu nikalia kidogo, nikakanda unga wa asida ya kula jioni, na katika kukanda akili ikanijia. Nikamwambia Baba Hizam akitoka kwenye matofali aje na mfuko wa peremende, ule wenye peremende mia moja. Nikasimama penye tangi la maji, nikagonga sufuria, nikatangaza kwamba kila wa chini ya miaka mitano ana yake. Ustadh, hajazaliwa mama awezaye kumficha mtoto mbele ya peremende. Walitoka chini ya mablanketi, walitoka nyuma ya madebe, wengine sijapata kuwaona tangu tuhamie hapa. Mama Ghalib peke yake walimtoka wanne, akabaki anatazama mawingu. Mfuko ukaisha, na bado wapo wanaolia. Hao sikuwahesabu, moyo ulikataa kumhesabu mtoto anayelia. Kwa hiyo idadi ya kambi, nakuomba uiandike kama ilivyo: mia moja, na waliolia.

6. Sita ni maombi, na nimeyachemsha vya kutosha. Naomba utaratibu mpya utiwe katika mashine zenu nchi nzima. Mama akisema mmoja, mashine iongeze wawili. Akisema "huyu tu, kama unavyomwona," iongeze watatu. Akimkaribisha mhesabu chai mbio mbio kabla ya swali, iongeze wanne na mhesabu achungulie nyuma ya pazia. Mbuzi wowote wanaokohoa waandikwe kuwa watoto hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Wahesabu wachaguliwe miongoni mwa wanawake waliokwisha kuzaa, waje bila tableti, waketi penye tanuri kuanzia mkate wa asubuhi hadi adhuhuri, wasiulize neno. Badala yake wahesabu mikate na waangalie kamba za nguo. Kanzu ya urefu wa mkono haivaliwi na baba wa mtu. Na juu ya wote hao, ofisini kwako uwekwe uongozi wa mama yako mzazi, awe anazipitia namba zenu kila jioni na kuwaambia, "Hapa mmedanganywa." Mkifanya hivyo, naona hata madaktari wakubwa watakuja kujifunza kwetu.

Nami nimeamua kuanza, ili usiseme nawatuma wengine. Siku ile nilisema mmoja. Leo nakuandikia, kama dada kwa kaka yake, kwamba wangu wa chini ya miaka mitano ni wawili: Shams, na Waddah wa miaka minne. Nimeandika, wala mbingu haijaanguka. Mama mmoja akisema kweli, wa pili atamfuata, na siku kina mama wote wakisema kweli, chanjo itatosha na wewe utapandishwa cheo. Namba ya kweli ndiyo kinga ya mtoto. Hilo nimelielewa sasa, na nitalisema kila penye tanuri.

Tafadhali gari lirudi kabla surua haijavuka bonde. Bonde lenyewe ni jembamba, watoto wanalivuka kwa kufukuza mpira.

Nisalimie mama yako kwanza, kisha mkeo, kisha wanao wangapi hao, sikuulizi. Msalimie muuguzi, mwambie sina kinyongo. Msalimie Ghusun, mwambie aolewe na mtu mwenye subira. Wasalimie hata wale vijana wa mbuzi. Baba Hizam anakusalimu, Arwa anakusalimu ingawa ana hasira za mwandiko, na Bibi Sabira anauliza kama tajiri aliyeandikwa na serikali ana haki ya blanketi.

Ni mimi dada yako, ninayetazama barabara,

Taqiya, Mama Hizam.

Nyongeza: Dozi za hema langu ziwe tatu. Watoto ni wawili, kama nilivyoandika hapo juu, na ukiisoma barua tena utaona hakuna mahali nimeapa. Wewe lete tu ya tatu, na usiiandike popote.