Mdhamini Wangu Silvanus

Jumatatu, 1 Julai 1974

Nimekasirika! Ndugu Efrazia, katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, kaninyima mkopo wa baiskeli. Eti hakopeshwi asiyeweka akiba. Nikamuuliza, mwenye akiba anakopa ili iweje? Akasema basi nilete mdhamini, mwanachama anayeaminika, asimame mkutanoni aseme mimi ni mtu wa namna gani. Machungwa yangu yanaoza hapa Kisarawe, na kule Kibaha barabarani yanagombewa. Bila baiskeli nimekwisha.

Jumanne, 2 Julai

Shemeji yangu Hemedi kakataa. Mbaraka kakataa kabla sijamaliza salamu. Roho mbaya tupu! Lakini akili ninayo. Silvanus! Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge akabaki. Mimi Mzaramo. Watani! Akiba yake kubwa kuliko ya wote, na mtani hanyimi. Kakubali upesi sana. Kaondoka na jogoo wangu na kofia yangu. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo nimecheka. Ini linaniwaka.

Jumamosi, 6 Julai

Mshenzi! Kasimama mkutanoni na kofia yangu kichwani.

"Twalibu namjua. Mkimpa baiskeli, yeye atapanda, machungwa yatakwenda kwa miguu."

Watu hoi kwa vicheko. Akaendelea. Shamba langu hata nyani wanalionea huruma, wakipita wanaacha mbegu. Nikacheka pamoja nao, meno nje, ngumi mfukoni. Ukimkasirikia mtani unatozwa faini! Nikamweleza Efrazia, mtu wa Bukoba asiyejua mila zetu, kwamba huu ni utani, si ushahidi. Akawageukia wazee, akauliza kama mtani husema uongo.

Mzee Mwishehe akajibu, "Hasemi uongo, mama. Ila hapigwi."

Nimenyimwa.

Akaitwa mwombaji mwingine wa baiskeli. Mwanahalima. Mke wangu! Kumbe pesa ya vitumbua vyote vile alikuwa anaiweka akiba, nami nakula bure nikidhani biashara haiendi. Na mdhamini wake? Silvanus! Kavua kofia, uso kama yuko msibani. Akasema shemeji yake huyu ni mkweli na mchapakazi, basi, akaketi. Hakutania hata neno moja! Mwanahalima kapewa mkopo papo hapo.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Wote wako uwanjani kwenye ngoma. Mimi nimejifungia ndani na hasira zangu. Asubuhi nilimwambia Mwanahalima kwamba baiskeli ikifika nitaichukua mimi, ndimi mume.

Hakuinua hata uso kwenye chungu. "Baba Mboni, baiskeli ya mkopo haiazimwi hivi hivi. Lete mdhamini."

Mdhamini! Ndani ya nyumba yangu!

Haya. Nimeshampata, wala si Silvanus, sirudii kosa. Ni Leodegar, Msukuma wa Mlandizi, mpole, mtu wa kanisani. Kesho anakuja kunisemea. Hawezi kuninyima, naye ni mtani wangu.