Mama Yangu Hafanani na Ripoti Yenu

Mtaa wa Nyuma ya Kinu cha Zeituni,
Ain Sfarjal.
Tarehe 4 Juni

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkurugenzi,
Hospitali ya Ain Sfarjal.

YAH: MUUGUZI RAUDHA GHANMI KUTOFANANA NA RIPOTI YAKE

Heshima zangu zikufikie hapo ofisini, na samahani yangu izitangulie, maana najua una kazi nyingi. Mimi ni Yosr, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, binti wa Raudha Ghanmi wa Idara ya Dharura. Huenda hunikumbuki. Siku ulipoikabidhi idara ile kikombe cha ushindi nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine ya kahawa, na mashine ile ni pana.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya Kifaransa, lugha tunayofundishiwa hesabu na sayansi, ilitoka kama ninaomba kazi. Ya Kiarabu ilitoka kama hotuba ya Ijumaa. Hii ya tatu nimeiacha ijiandike yenyewe kwa maneno ya nyumbani, kwa hiyo ukikuta mahali imekosa adabu, ujue ni barua, si mimi.

Kwanza nakupongeza. Katika Mpango wa Ustahimilivu na Furaha ya Watumishi, ambao mtaalamu alitoka mji mkuu kuja kuupima mwezi wa Aprili, Idara ya Dharura ilipata mia kwa mia. Ripoti nimeisoma yote, kurasa thelathini na mbili. Ukurasa wa kumi na nne yupo Muuguzi Namba Saba, ambaye kwa miaka yake kumi na tisa ya kazi hawezi kuwa mwingine ila mama yangu. Muuguzi huyo hulala kwa muda wa saa nane kila usiku. Hula bila haraka. Mambo ya kazini huyaacha kazini. Kutamani asirudi kazini hakujawahi kumpata, kamwe.

Malalamiko yangu, Mheshimiwa, ni kwamba huyo siye mnayeturudishia nyumbani. Nayapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Gari. Zamu ya mama huisha saa nane mchana. Saa nane na robo gari liko mlangoni kwetu, injini imezimwa, na yeye hashuki. Haongei na simu, wala redio hajawasha. Anautazama ukuta wa kinu, ambao hauna kitu ila tangazo la sabuni la zamani ambalo hata sabuni yenyewe haiuzwi tena. Mara ya kwanza nilihesabu dakika ishirini. Jumatano iliyopita zilikuwa sabini, na kuskusi ilikuwa imeganda sufuriani. Majirani wanasema anasikiliza Qur'ani humo ndani, na bibi yangu, ambaye hasemi uongo, amewaacha waamini hivyo. Nimeitafuta hii habari ya gari katika ripoti, sikuiona.

2. Mkono. Mama hanishiki tena mkono kama watu wanavyoshikana. Akinishika, vidole viwili huteleza hadi kwenye kifundo cha mkono, macho humwendea saa ya ukutani, na midomo huhesabu kimyakimya. Siku ya Idi alinikumbatia, nami nikajua ninapimwa mapigo ya moyo. Nilikuwa sabini na mbili. Nikimwuliza anasema hakujua kama anafanya. Jambo hili lilianza Machi, baada ya lile gari la wanawake wa mashambani kupinduka mteremkoni, wakaletwa kumi na wanne na wauguzi wa zamu walikuwa watatu. Sisemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Ripoti imeonyesha vizuri kwamba hakuna kinachohusiana na chochote.

3. Mpira. Mtaalamu alimpa kila muuguzi mpira wa sponji wa manjano wenye uso unaotabasamu. Maelekezo: moyo ukiwa mzito, binya mara ishirini huku ukivuta pumzi. Wa mama nimeuokota chini ya kiti cha gari, vipande vipande, tabasamu limebaki upande mmoja kama mtu aliyepooza. Hapa ninalalamikia ubora wa mpira. Idara yenye alama mia inastahili mpira uliotengenezwa kwa raba ya matairi ya trekta. Mama aliponiona ninajaribu kuugundisha alisema tu, "Utupe, mwanangu. Huo nao umechoka."

4. Chumba. Najua hiki si cha nyumbani, lakini kinanihusu kwa sababu ya gari. Idara ya Dharura ilikuwa na chumba cha mapumziko chenye vitanda viwili na birika. Baada ya ushindi vitanda viliondolewa, kuta zikapakwa rangi ya bahari, kikaingizwa kiti cheupe cha kifahari na kabati la vioo la kuwekea kikombe, na mlangoni pakaandikwa Chumba cha Ustahimilivu. Kimefungwa ili kisichafuke. Ufunguo uko kwa katibu muhtasi wako, na anayetaka kuingia anaomba kwa maandishi siku tatu kabla.

Ammi Tijani, msukuma machela, ambaye ananijua tangu meno ya utoto, alinieleza utaratibu huo vizuri sana. "Binti yangu," alisema, "siku hizi hapa ukitaka kulia unaandika barua siku tatu mbele, na nakala mbili. Mimi nimeomba Alhamisi. Hofu yangu Alhamisi ifike nikute nimefurahi, nionekane tapeli."

Nadhani ndiyo maana mama anatumia gari. Gari haliombwi. Naona ingekuwa haki hospitali iliandikishe kama tawi la chumba hicho, na ukuta wa kinu mbele yake upakwe rangi ileile ya bahari.

5. Kumbukumbu. Dharura iliahidiwa watumishi wawili wa kuongeza. Kwa kuwa imeonekana haina shida, nafasi hizo zimepelekwa Idara ya Kumbukumbu, ambayo ilipata alama arobaini na moja kwa sababu watu wake waliandika kwamba vumbi na kukosa dirisha vinawahuzunisha. Sasa wana watu wawili zaidi, wana dirisha, na mshauri wa afya ya akili anakwenda kuketi nao kila Jumanne. Siwaonei wivu. Vumbi ni kitu kibaya. Nauliza tu kama mwanafunzi: kumbe anayetaka kusaidiwa hapo kwenu anatakiwa afeli mtihani? Shuleni kwetu walitwambia kinyume, na mimi nimepoteza miaka kumi nikisoma.

6. Hili ni zito, na nimelitafakari sana kabla ya kuliandika. Jumamosi asubuhi tulikuwa kwa mwoka mikate, na jirani yetu Bi Mahbuba akamwuliza mama, "Raudha mpenzi, u hali gani?" Sote tunajua jibu. Mtu hulitoa akiwa na homa, hulitoa nyumba yake ikiwa imeungua, ndipo mazungumzo yaendelee. Mama hakulitoa. Bi Mahbuba akasubiri, kama mtu anayesubiri chenji yake. Mwoka mikate akaacha kufunga mikate. Mama akasema, "Sijui, Mahbuba," akachukua mikate yetu miwili akatoka.

Mtaani waliitafuta maana ya neno hilo kwa siku mbili. Jana Bi Mahbuba alituletea sahani ya vitumbua vya tende, vile vinavyopelekwa msibani, akatupa pole kwa sauti ya chini ingawa hakuweza kusema amekufa nani. Tumevila. Lakini nyumba haiwezi kuendelea kupokea rambirambi kwa mtu ambaye ripoti inasema amelala saa nane nzima.

7. Barua yako. Mwezi uliopita mama aliomba likizo ya wiki tatu. Ulimjibu, na ninaweka hapa maneno yako yenyewe, kwamba "kwa kuzingatia matokeo ya dodoso, yanayoonyesha kuwa una nguvu za kutosha na za ziada, ombi lako halina msingi." Mama aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye droo ya visu, na hajaitaja tena. Ijumaa alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza kama ananiuliza bei ya nyanya, "Yosr, 'ninaacha kazi' kwa Kifaransa kizuri cha ofisini huandikwaje?" Nilimjibu kwamba lazima nitazame kamusi. Leo ni siku ya nne ninaitazama kamusi.

Unaona mwenyewe, Mheshimiwa, kwamba mambo hayawezi kubaki hivi. Ama ripoti ni ya kweli na mama yangu amekosea, ama sijui. Kwa kuwa ripoti ina mhuri na mama hana, naomba yafuatayo.

Utoe waraka rasmi wa kumwamuru Muuguzi Namba Saba afanane na ukurasa wake kuanzia Jumatatu asubuhi, ashuke garini ndani ya dakika tano, na anishike mkono bila kuhesabu.

Waraka ukishindwa, basi awekwe kwenye kabati la vioo. Nilichungulia dirishani: kikombe kimechukua rafu ya juu tu, chini pana nafasi ya kumtosha mtu mwembamba, na mama amekonda. Wageni wakija kutoka wizarani watamwona ustahimilivu ana kwa ana. Ila birika lirudishwe, anapenda chai.

Na kama hayo yote hayawezekani, tupeni sisi yule wa ukurasa wa kumi na nne, aje akae kwetu. Hatakuwa mzigo, maana halii na halemewi. Tutamtandikia kitanda cha mama. Huyu wetu mtabaki naye nyinyi, kwa kuwa hata sasa sehemu yake kubwa iko huko huko na kinacholetwa hapa mlangoni ni gari. Ila bibi amesema, nami naona niandike, kwamba huyu wetu hatumtoi bila karatasi yenye sahihi yako kwamba atarudishwa.

Nisalimie katibu muhtasi na ufunguo wake. Nisalimie Ammi Tijani, na umwambie namwombea Alhamisi ya huzuni. Wasalimie watu wa Kumbukumbu na dirisha lao. Wauguzi wa Dharura usiwasalimie kwa niaba yangu. Utaelewa hapa chini. Bibi naye anakusalimu, anauliza kama ni kweli wewe ni mjukuu wa yule fundi viatu wa sokoni, maana anasema babu yako alikuwa mtu wa kusikiliza.

Wako katika utii,
Yosr Mabruki

Nyongeza baada ya sahihi:

Dodoso nililijaza mimi.

Mtaalamu alikuwa na saa mbili tu kabla ya usafiri wake kuondoka. Karatasi zilikuwa za Kifaransa na wauguzi walikuwa mbioni. Msimamizi wa zamu akamwambia yupo binti wa Raudha kwenye benchi anamsubiri mamake, Kifaransa chake ni kizuri, kasoro yake ni aibu tu. Nikapewa kalamu na kibao cha kuandikia. Nikawafuata wauguzi wote kumi na mmoja, walioitwa pamoja siku hiyo, kutoka kitanda hadi kitanda, nikiwauliza hali zao. Kumi walinijibu "alhamdulillahi" bila kusimama, kila swali, na kila alhamdulillahi nikaitilia alama penye "vizuri sana", kwa sababu neno lile halikuwa na kisanduku chake. Na ninajua neno lile hubeba nini. Siku tuliyomzika babu, baba alimwambia hivyo kila aliyempa mkono, na hakuwa vizuri sana.

Wa kumi na mmoja kuulizwa alikuwa mama, ingawa ripoti imempa namba saba. Maswali manane aliyajibu kama wenzake. La tisa lilisema: kuna siku unatamani usirudi tena kazini? Mama akaweka trei chini. Hakuitazama karatasi, alinitazama mimi, akasema, "Hilo andika ndiyo, Yosr. Andika tangu Machi."

Mtaalamu alikuwa mlangoni akiangalia saa yake. Niliona nikiandika ndiyo ataniita nimweleze, mbele ya watu wote. Na niliogopa pia kwamba nikishaliandika kwa mkono wangu mwenyewe litakuwa kweli. Nikatia alama penye "kamwe".

Mama hajui. Anaamini mlilisoma jibu lake, mkalitafakari, kisha mkamletea kikombe.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yangu, la kwanza hadi la saba. Mama hana kosa la kutofanana na ripoti. Kosa liko ukurasa wa kumi na nne, na ni langu. Swali la tisa lisahihishwe, na ombi lake la likizo lisomwe upya kabla sijaishiwa kurasa za kamusi. Na wale kumi waulizwe tena, safari hii wakiwa wameketi, na aulize mtu ambaye si mtoto wa mmoja wao.

Leo saa nane na robo nitaingia garini, upande wa pili, nimsomee mama barua hii mbele ya ule ukuta. Alhamisi nitakuletea mwenyewe. Nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi yako, si nyuma ya mashine ya kahawa. Utaniuliza u hali gani, na mdomo wangu utajibu wenyewe kabla sijauzuia. Tafadhali, uliza mara ya pili.