Miguu Yote Miwili Chini

Chuo kilitangaza kwamba, kuanzia Jumatatu, kubishana kuhusu faulo kutafanyika kwa kibali.

Tangazo lilibandikwa kwenye kila ubao, hata ule wa zahanati, kisha likasomwa kwa kipaza sauti wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa na vijiko mdomoni. Lilieleza kwamba ubishi holela katika uwanja wa mpira wa kikapu umefikia kiwango kisichovumilika kitaaluma. Kwa hiyo imeundwa Kamati ya Kusimamia Ubishi wa Mashabiki, kwa kifupi KAKUUMA, na mashabiki wanaombwa kutoa ushirikiano na kutokicheka kifupi hicho.

Aliyeandika tangazo, na ambaye kwa bahati njema ndiye aliyeteuliwa kuongoza kamati, alikuwa mlezi wa wanafunzi, mtu wa makamo anayefunga tai hata siku ya kupanda miti. Wanafunzi walimwita Itifaki. Alilijua jina hilo, na aliona wamepatia.

Chanzo cha yote kilikuwa nusu fainali ya wasichana. Mchezaji mmoja alikuja mbio na mpira, mwingine alikuwa mbele yake, wakagongana, wote wawili chali. Refa akapuliza filimbi. Jukwaa likapasuka pande mbili.

"Kosa la aliyekuja!" alipiga kelele Spika, mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye sauti isiyohitaji umeme.

"Kosa la aliyeziba njia!" alijibu Mama Kantini, mpishi mkuu wa chuo, ambaye hajawahi kukosa mechi hata siku jiko likiwaka. "Njia ni ya wote, wewe mtoto!"

"Sheria hiyo umeisoma wapi, mama?"

"Nimeisoma kwa macho yangu haya mawili. Wewe kesho utasoma sahani tupu."

Watu wakasimama, benchi likavunjika, na soda ya mtu asiyejulikana ikamwagikia gauni la mgeni rasmi, bibi mmoja wa bodi ya chuo, mkimya, ambaye alijifuta tu akaendelea kutazama.

Mkuu wa Chuo alimwita Itifaki ofisini kesho yake.

"Sipingi ubishi," alisema Mkuu. "Sisi ni taasisi ya elimu. Ninachotaka ni ubishi wenye mwenyewe."

"Naam, Mkuu."

"Na ile nafasi ya makamu wangu bado iko wazi. Tutaongea baada ya fainali."

Itifaki alitoka mle ndani miguu haigusi sakafu. Alipitia ofisi ya makamu, akahakikisha hakuna mtu koridoni, akakalia kiti, akazunguka nacho mara moja kwa upole. Kiti kilikuwa kizuri. Mapazia yangebidi kubadilishwa.

Palikuwa na kikwazo kidogo tu cha kiutendaji: Itifaki hakujua sheria hata moja ya mpira wa kikapu. Alijua kikapu kiko juu. Hilo halikumnyima usingizi, maana alishawahi kuongoza kamati ya mabomba na hakuna bomba alilolishika. Tena safari hii mtaalamu alikuwa nyumbani kwake. Binti yake ndiye nahodha wa timu, msichana mfupi, mkavu, waliyemwita Spana kwa jinsi anavyowafungua mabeki.

"Nieleze kwa ufupi," Itifaki alimwambia jioni, kalamu mkononi. "Wakigongana, kosa la nani?"

"Weka kalamu, baba. Simama hapo mlangoni."

Itifaki akasimama kwenye mlango wa jiko, tai shingoni.

"Nitazame mimi. Miguu yote miwili chini. Tulia."

Akatulia. Spana akachukua sufuria, akalikumbatia kama mpira, akamjia na kumpiga bega kifuani. Itifaki akaenda kukaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Kosa la nani?"

"La kwako! Umempiga mzazi!"

"Sawa kabisa. Ulitangulia kusimama. Sasa rudi, safari hii ninapofika wewe ruka kutoka pembeni unizuie."

Wakagongana tena. Mke wa Itifaki alichungulia, akaona mumewe sakafuni na mwanawe ana sufuria, akaona ni mambo ya kazini, akarudi kwenye taarifa ya habari.

"Hilo sasa kosa lako," alisema Spana. "Umekuja kuziba nikiwa nimeshafika. Refa akipiga ngumi kwenye kiganja, hivi, ujue kosa ni la mwenye mpira, aliyekuja kugonga. Basi. Watu wanaumizana vichwa bure."

Itifaki aliielewa sheria ile kifuani, mahali ambapo sheria nyingi hazikuwahi kumfikia. Akaiandika usiku huohuo kama Tafsiri Namba Moja: *Aliyetangulia kusimama, miguu yote miwili chini, hana kosa. Kosa ni la anayemjia, awe nani awaye.* Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza kwa sababu sentensi ilikuwa imeishia ghafla mno kwa hati ya chuo. Adhabu aliiweka mwishoni: mkosaji yeyote uwanjani atatoka nje na hatarudi mpaka ahudhurie semina. Mkuu alisaini bila kusoma, kama inavyotakiwa kwa mtu wa ngazi yake.

Ila aliongeza jambo lake.

"Nimesikia mashabiki wanalalamika huyo nahodha ni mchoyo wa mpira."

Ilikuwa kweli. Mama Kantini alikuwa akisema kila siku, huku akipakua, kwamba timu ni watu watano, si mtu mmoja na wasindikizaji. Spika naye akasema mwenye mkono wa kufunga aachiwe afunge. Ubishi huo ulikuwa ukichelewesha foleni.

"Mpira ni mali ya chuo," alisema Mkuu. "Utapita ngazi kwa ngazi. Kila mchezaji aliyemo uwanjani aushike kwanza, ndipo mtu arushe. Huo ndio mchezo wa pamoja."

Kocha, mtu mpole mwenye watoto wanne, alisema ni wazo ambalo kwa kweli hajawahi kulisikia popote.

Spana aliposikia, aliacha kula. "Baba, tuna sekunde ishirini na nne tu za kurusha. Tukizungusha mpira kama barua ya likizo, tunafungwa. Na hii ndiyo mechi yangu ya mwisho. Mwambie Mkuu."

"Mwanangu, maelekezo yakishatoka juu..."

"Sawa, mheshimiwa."

Tangu jioni hiyo hakumwita baba tena. Chai aliletewa. Salamu alipewa. "Shikamoo, mheshimiwa. Sukari hii hapa, mheshimiwa." Itifaki, aliyekuwa ameitafuta heshima hiyo kwa miaka mingi, sasa aliiacha chai ipoe.

Siku ya fainali, kabla ya kuanza, refa aliitisha viongozi wa vyuo vyote viwili. "Yaliyotokea nusu fainali sitaki kuyaona. Kiongozi akivamia uwanja wangu, timu yake inaadhibiwa. Wapinzani wanarusha bure, na mpira wanabaki nao." Itifaki aliitikia kwa kichwa. Mkuu alikuwa anaongea na simu.

Ubishi uliendeshwa vizuri sana. Waliokuwa na vibali walivaa beji shingoni na kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba nafasi ya kubisha," alisema Mama Kantini.

"Nafasi umepewa."

"Refa kipofu."

"Ubishi umepokelewa. Anayepinga?"

"Napinga, mheshimiwa," alisema Spika. "Refa anaona, ila haoni vizuri."

"Kamati imesikia pande zote."

Uwanjani mambo yalikwenda kwa utaratibu uleule. Mpira ulitoka kwa Spana ukaenda kwa mrefu, ukatoka kwa mrefu ukaenda kwa mnene, ukafika kwa wa nne, na wa tano alipokuwa anaukaribisha king'ora cha muda kikalia. Wakanyang'anywa. Wakajaribu tena, kwa kufuata ngazi, wakanyang'anywa tena. Mkuu alimnong'oneza mgeni rasmi kwamba anachokiona ni uwajibikaji wa pamoja. Bibi wa bodi, gauni jipya, mwongozo wa KAKUUMA mapajani, alisema, "Naona. Na matokeo naona."

Baada ya mapumziko Spana alimtazama kocha. Kocha akainama kufunga kamba za viatu, na aliendelea kuzifunga mpaka mwisho wa mechi. Kuanzia hapo mpira ulipita kwa aliyekuwa wazi, hata kama cheo chake ni cha mwisho. Mrefu akafunga, mnene akafunga, Spana akafunga mbili kwa mpigo.

"Hiyo ndiyo timu!" alilia Mama Kantini bila kunyoosha mkono.

"Si nilisema aachiwe!" alilia Spika, naye bila kunyoosha. Kila mmoja aliamini yeye ndiye amesikilizwa.

Zikabaki sekunde chache, chuo kikiongoza kwa pointi moja. Nahodha wa wageni, msichana mkubwa kama kabati, akaja mbio kuelekea kikapu. Spana akamtangulia njiani. Akasimama. Akatulia. Wakagongana, Spana akateleza kwa mgongo hadi chini ya kikapu, na mpira ukaingia. Filimbi! Refa akapiga ngumi yake kwenye kiganja.

Kikapu kimefutwa. Mpira ni wa chuo. Ubingwa ulikuwa mkononi, mradi tu mtu asifanye ujinga.

Mkuu aliona mambo mawili: mchezaji wake yuko chini, na refa ameonyesha ngumi.

"Tunaonewa! Na anatutishia kutupiga!" Akaruka kutoka kiti cha mbele, akavuka kamba, akashika njia ya kuingia uwanjani.

Itifaki alikuwa pembeni ya njia hiyo. Katika muda ule mfupi aliona vitu vingi: kiti kinachozunguka, mapazia mapya, jina lake mlangoni. Kisha akamwona Spana, akijiinua kwa kiwiko, akimtazama yeye.

Akaingia katikati ya njia, akamgeukia Mkuu. Miguu yote miwili chini. Akatulia.

Mkuu wa Chuo ni mtu mwenye uzito katika jamii, na uzito wote ulifika. Itifaki aliruka nyuma, tai ikapepea, akatua chali nusu hatua nje ya mstari wa uwanja. Mkuu aliishia palepale, ameduwaa, kiatu kimoja kimemtoka.

Jukwaani mkono mmoja ukanyooka taratibu.

"Mheshimiwa," alisema Mama Kantini, "naomba nafasi."

"Umepewa," ilisema sauti kutoka sakafuni.

Mama Kantini akakunja ngumi iliyozoea unga, akaipiga kwenye kiganja. Paa!

"Anayepinga?" aliuliza Itifaki, akiwa bado analitazama paa.

Spika akasimama, na watu wote wakamgeukia. Akapiga ngumi kwenye kiganja. Kisha jukwaa zima, wenye vibali na wasio navyo, paa! paa! paa! Hawajawahi kukubaliana hivyo.

"Kosa la nani?" aliunguruma Spika.

"La anayemjia!"

"Hata akiwa nani?"

"Awe nani awaye!"

"Upuuzi gani huu?" alisema Mkuu, akitafuta kiatu. "Nani kaandika maneno hayo?"

Bibi wa bodi alifunua mwongozo ukurasa wa mwisho, akauinua. "Sahihi hii ni ya kwako, Mkuu?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi mlango ule pale. Mpira uendelee."

Mkuu alitoka na kiatu mkononi. Sekunde zilizobaki zikaisha, watu wakamwagika uwanjani, na Spana akaja kumpa mkono aliyelala.

"Umeumia, baba?"

"Hapana," alisema Itifaki, huku mgongo ukimuuma kila mahali. "Hebu rudia."

"Rudia nini?"

"Hilo la mwisho."

Nafasi ya makamu imebaki wazi mpaka leo. Itifaki hupita pale koridoni bila kuchungulia. Semina ilifanyika Jumatatu kama mwongozo unavyotaka, na kwa kuwa mwenyekiti wa kamati alikuwa amelala na dawa ya kuchua mgongoni, bodi iliteua mkufunzi mwingine mwenye kibali.

Mkuu wa Chuo alifika kantini kwa wakati, amevaa suti. Alisimamishwa kwenye mlango wa jiko. Upande wa pili, Mama Kantini alikuwa amekumbatia sufuria kubwa la ugali, anapasha bega moto.

"Nitazame mimi, Mkuu. Miguu yote miwili chini," alisema. "Tulia hivyohivyo. Wala usiwe na wasiwasi, kosa litakuwa langu."

Akaja.