Meza Kuu ya Sherehe ya Bure

Rufus Kamande aliliona bango nje ya stesheni ya St Marys, akasimama mbele yake kama mtu aliyekutana na shangazi tajiri. Jumamosi ya Pasaka, kwenye bustani kubwa ya mtaa, siku ya familia ya kuaga kiangazi: majumba ya upepo ya watoto kurukia, kuchorwa nyuso, farasi wadogo wa kupanda, soseji za kuchoma. Na chini kabisa, kwa herufi nene, neno lililomfanya alambe midomo: BURE.

Mwingine angelisoma akafurahi, akaenda zake. Rufus alikuwa amekaa na watu wa kwetu vya kutosha kujua kwamba bure haiwapendezi. Mkenya wa Sydney ukimpa kitu bure, atakigeuza mbele na nyuma akitafuta kimeozea wapi. Lakini muuzie kitu hicho hicho, umnong'oneze kwamba jirani yake amekikosa, atakulipa na kukubariki juu yake.

Naye Rufus alikuwa na haja. Bohari ya kuku wa barafu kule Wetherill Park ilikuwa imemla vidole kwa baridi, na wiki hiyo alikuwa amemwambia msimamizi, mbele ya watu, kwamba harudi hata aitwe kwa tarumbeta. Shughuli moja safi ingemnunulia kigari cha mizigo, awe bosi wa nafsi yake. Shughuli ikiharibika, Jumanne ni kurudi kwa kuku na kuomba radhi.

Akaanza na Abigail. Abigail ni nesi, ana digrii mbili na gari lenye viti vya kupasha joto makalio, na hana raha mpaka ahakikishe wengine hawana.

"Mama Jacky," Rufus alimwambia nje ya kanisa, sauti chini kama anayeleta habari za msiba, "Jumamosi utaketi wapi?"

"Si ni bustani? Kwa nyasi, kama watu wote."

"Haya basi." Rufus akavuta pumzi ya huruma. "Mimi nilidhani wewe ni wa meza kuu."

"Meza kuu gani?"

"Achana nayo. Nafasi zimebaki kidogo, na Mutua ameshauliza mara mbili."

Mutua hakuwa ameuliza hata mara moja. Aliuliza baadaye, aliposikia Abigail amepata. Huyu Mutua ni mhasibu, mtu wa kusoma kila kitu mpaka maandishi ya nyuma ya kiberiti.

"Lakini Rufus, bango linasema ni bure."

"Bure ni ya umma, mheshimiwa. Kwani wewe ni umma?"

Mutua aliangalia viatu vyake, aking'amua kwamba kweli hakuwa umma. Akalipia watu wanne.

Kila aliyelipa aliapa kutomwambia mtu, na kila aliyeapa alikwenda kuringa. Kufikia Ijumaa Kuu, manesi, wahasibu na madaktari wa karatasi, wasiojua sindano, walikuwa wamemjazia Rufus bahasha ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, kwa sababu ndipo mapenzi hukaa.

Jumamosi ikafika. Rufus alisimamisha hema, akapanga meza ndefu yenye kitambaa cheupe, viti vya plastiki vilivyofungwa utepe wa satini, na maji ya chupa. Ikapendeza kweli. Ila kulikuwa na jambo moja: wote walikuwa wamenunua meza kuu. Hapakuwa na meza ndogo. Wakaketi safu moja kama ndege kwenye waya, suti na kofia za harusini, wakitazama uwanja ambako Wasamoa, Walebanoni na Wavietinamu walikuwa wamejilaza kwenye nyasi wakila soseji za bure. Hakuna hata mmoja aliyewageukia. Watoto wao wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbilia huko kwa umma.

"Rufus," Abigail aliuliza, meno kayabana, "sasa ukuu wetu anauona nani?"

"Wanaona, madam. Wanaona aibu kuangalia."

Alikuwa ameanza kujongea kinyumenyume kuelekea kwenye maegesho, walipotokea wanawake sita wenye kitenge kimoja: kijani, maua ya njano, kimeshonwa sawasawa. Sasa, Wakenya wakiona wanawake sita ndani ya kitenge kimoja hawaulizi kitu. Wanajua ni kwaya. Meza kuu nzima ikapiga makofi kabla hata ya salamu, kwa furaha ya kupata hatimaye watu wa kuwatazama wao kutoka chini.

"Bonjour, papa," alisema wa mbele, mama mnene wa Kikongo mwenye tabasamu la asali. "Miye Léocadie, présidente wa chorale. Tunatoka Auburn. Tulisikia kuko sherehe ya bakubwa." Akaangaza macho mezani. "Na mgeni wa heshima ni nani?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Meza ya namna hii bila mgeni wa heshima? Kwetu ile ni matanga."

Mutua alikohoa, akainuka nusu. Abigail akanyoosha kofia, naye akainuka. Wengine watano wakakumbuka kwamba miguu yao imekufa ganzi, wakainuka kuinyoosha. Rufus aliona ugomvi unakuja, na nyuma ya ugomvi, watu wanaodai kurudishiwa chao.

"Mbona munatafuta mbali?" Léocadie akasema. "Huyu papa aliyebaita bote, si ndiye?"

Rufus angeweza kukataa. Lakini mjanja hufunga milango yote ya nyumba yake akasahau mmoja, nao ni sikio linalopenda sifa. Akavishwa shada la maua, akaketishwa katikati. Mutua, aliyekosa ugeni wa heshima, akanyakua kazi ya kuongoza shughuli.

Hapo Léocadie akatoa kikapu. Chorale, alisema, haina kinanda.

Rufus akatupa jicho kwenye maegesho. Alikuwa amezaliwa na kulelewa katika harambee, sheria yake anaijua: mgeni wa heshima hutoa kwanza, tena hutoa kuliko wote, ama sivyo jina lake huliwa na mbwa. Akatumbukiza noti moja kwa kidole na kucha.

"Mheshimiwa anapasha injini!" Mutua alipaza sauti, na watu wakacheka.

"Natoa ishirini mheshimiwa avue koti!" Abigail akadakia.

Na sheria nyingine ni hii: asiyetaka kuvua hulipa zaidi ili abaki nalo.

"Arobaini," Rufus alisema haraka, akilishika koti kwenye moyo. "Nibaki nalo."

"Hamsini avue!"

"Mia! Nibaki!"

"Mia na hamsini! Kwani ameficha nini humo, bibi mdogo?"

Meza kuu ililia kwa kicheko. Hawakuwa wamestarehe hivyo tangu waingie Australia. Kila Rufus alipolilinda koti, aliingiza mkono ndani yake, na kila mkono ulipotoka, bahasha ilikuwa imekonda. Mwishowe alikuwa analinda koti tupu. Akalivua mwenyewe, na vigelegele vikawatisha farasi wadogo kule uwanjani.

"Sasa chorale itushukuru kwa wimbo!" Mutua akatangaza.

"Bon," Léocadie akasema, kikapu kiunoni. "Tuende tulete ngoma kwa motokaa."

Wakaenda wote. Wanawake sita, ngoma moja. Hesabu hiyo Rufus aliijua kuliko mhasibu yeyote pale mezani, maana ilikuwa ya kazi yake. Akasimama, akafungua kinywa apige yowe la mwizi. Akakifunga. Ameibiwa nini, na yeye alikitoa wapi? Kule kwenye maegesho gari likawaka, likaondoka polepole, kwa adabu, kama la watu waliotoka ibadani.

Meza kuu ilingoja. Ikapiga makofi ya kuita. Ikangoja tena.

"Kwaya inachelewa," Mutua alisema, akimgeukia. "Mheshimiwa, tushikie zamu."

Rufus aliwatazama: suti, kofia, nyuso zinazong'aa kwa ukarimu. Moyoni alikuwa tayari anapanga maneno ya kumwambia msimamizi wa kuku. Akarekebisha shada shingoni, akaanzisha pambio. Sauti ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini waliitikia wote, kwa nguvu, ubeti hadi ubeti, wala hawakumruhusu aketi. Wimbo huo walikuwa wameulipia.