Tovuti ya Kwaya Yetu Inaumwa

Jumatatu, 7 Novemba

Balaa! Nimefungua ukurasa wa Afya ya Tovuti asubuhi, chai hata sijaionja. Nyekundu tupu! "Tatizo kubwa: tovuti imeshindwa kujipigia yenyewe." Chini yake jingine: "Masasisho hayawezi kufanyika." Na mimi ndiye mtunza tovuti wa kwaya ya kijiji chetu, Gorno Oreshe, cheo nilichopewa kwa kura zote isipokuwa ya Gancho. Ikifa mikononi mwangu, Gancho atacheka mpaka meno ya bandia yamtoke.

Lakini anayenikosesha raha si Gancho. Ni Iliya. Marehemu Iliya, rafiki yangu, aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Wimbo wake wa mavuno umo humo kwenye tovuti. Kanda yenyewe iliharibika mafuriko yalipoingia ghala la jumba la utamaduni. Mjane wake, Rumyana, huusikiliza kila Jumapili akitoka kanisani. Nikaona nimpigie, nimwandae moyo.

Akakata simu. Akaja mbio na banitsa, ule mkate wetu wa tabaka za jibini, bado ya moto, ameifunga kwenye kitambaa. Tukakaa mbele ya kompyuta kama watu waliokuja kumjulia mtu hali. Akaniuliza kama itapona. Nikamwambia nitapigana. Akanishika bega! La kushoto.

Jumanne, 8 Novemba

Nimepiga simu kampuni inayotuhifadhia tovuti. Akapokea binti mpole. Akacheka. Akasema tovuti yetu ni nzima kabisa. Eti wao wenyewe wamezuia tovuti ndogo ndogo zisijipigie, zisije zikalemea seva. Sasa kile kipimo cha Afya ya Tovuti kinabisha hodi, hakifunguliwi, kinapiga kelele nyumba inaungua. Na masasisho wanayafanya wao. "Puuza tu hayo maonyo, bai Metodi," akaniambia, akiniita "bai" kama kaka yake mkubwa, kana kwamba tumekua kijiji kimoja.

Nikashukuru. Nikacheza kidogo jikoni. Nikainua simu nimpigie Rumyana.

Nikaishusha. Jana alicheka mara moja, nilipomwaga sukari. Jiko hili halijasikia kicheko cha mwanamke tangu dada yangu ahamie mjini Varna. Nitamwambia kesho.

Jioni kaja na supu ya maharage. Kauliza hali. Nikasema haijapata nafuu, lakini haijazidiwa. Hapo nimedanganya nini? Rangi bado nyekundu!

Alhamisi, 10 Novemba

Mazoezi ya kwaya. Gancho, mfuga nyuki, sauti ya tatu, kisirani namba moja, akauliza mbele ya watu kama ni kweli tovuti iko mahututi. Akasema angepewa yeye, sasa hivi ingekuwa inaruka kamba. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba nakesha nayo. Akina mama wote wakaguna kwa huruma. Rumyana akamwambia Gancho, "Hebu muache Metodi wa watu, huoni anavyokonda?"

Kukonda! Nimeongeza tobo kwenye mkanda kwa zile banitsa! Nimerudi nyumbani naimba.

Kwenye droo ninayo nakala ya wimbo wa Iliya. Rumyana hajaniuliza.

Jumamosi, 12 Novemba

Gancho amevuka mpaka. Amebandika tangazo la kifo cha tovuti! Karatasi yenye mstari mweusi pembeni, mlangoni pa jumba la utamaduni, pale pale tunapowabandika marehemu wetu. Mahali pa picha kaweka duara jekundu. "Kwa majonzi makubwa, baada ya kuugua kwa muda mfupi, ametutoka mpendwa wetu, Tovuti. Mfiwa: Metodi."

Tatizo la kijiji hiki ni kwamba mtu akiona mstari mweusi hasomi zaidi ya jina la mfiwa. Kufika mchana nimeshaletewa ngano ya kuchemsha ya matanga na nyumba nane. Nane! Imenyunyiziwa sukari ya unga, imepambwa kwa jozi. Mama mmoja kanikumbatia, kaniambia wote njia yetu ni moja. Nikaona aibu kumrudisha na sahani yake. Nimekula zote.

Jumapili, 13 Novemba

Tumbo.

Rumyana kaja na kitambaa cheusi kichwani. Kaliona tangazo. Yeye kalisoma lote, na mzaha wa Gancho hakuuona. Kasema hakuja kunilaumu, nimejitahidi kuliko ndugu. Yeye mwenyewe tangu Jumatatu hajathubutu kuifungua tovuti, asije akaimaliza. Kaomba kitu kimoja tu: kama bado kuna pumzi kidogo mle, nimsikilizishe Iliya mara ya mwisho, amuage vizuri. Kule hospitali hakuwahi kumkuta hai.

Hapo ndipo pa kusema! Mdomo niliufungua. Badala ya maneno, mkono ukabonyeza wimbo. Iliya akaanza, ile sauti yake ya shambani. Rumyana akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, akalia bila sauti. Mimi nikalia kwa sauti. Nilijichukia, na nilitaka asiondoke. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekwisha. Na aliyenimaliza ni Gancho, tena kwa wema!

Rumyana alikuwa kwenye jiko langu anakoroga uji wa mahindi. Gancho akaingia na chupa ya asali, uso umemshuka. Akasema ule mzaha wake umemnyima usingizi, kwani naye Iliya alikuwa rafiki yake. Basi kapiga simu kampuni, kawasihi waokoe japo ule wimbo mmoja. Binti akamwambia tovuti haina hata mafua, na kwamba alishamweleza hivyo bwana mmoja mwenye sauti nzito, wiki iliyopita.

Mwenye sauti nzito hapa ni mimi.

Rumyana akaweka mwiko chini. Akavaa koti. Hakuubamiza mlango, heri angeubamiza. Gancho akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka na asali yake.

Jumatano, 16 Novemba

Siku mbili bila Rumyana. Uji niliuacha ukaungua, kwa heshima yake.

Leo nikajikaza. Nikatoa nakala kwenye droo, nikaenda kwake, nikasimama uani kati ya mapipa ya kabichi ya kusindika. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu seva. Akanikatiza. Akasema tovuti hajali. Ila yeye alishamzika Iliya mara moja, na mimi nimemfanya amzike tena, kwa sababu ya banitsa.

Nikamwambia haikuwa banitsa. Nikamwambia nyumba yangu jioni ni kimya hata nasikia jokofu likimeza mate. Nikamwambia nikimsikia anafuta viatu mlangoni, moyo unanienda mbio. Nilisema yote haya nikiliangalia pipa.

Akafungua mlango wa nyumba. Kisha akaniambia niingie, nisimpotezee joto.

Tukausikiliza wimbo. Katikati akausimamisha. "Hapo. Umesikia? Hapo ulipotea, kama kawaida yako, Iliya akapandisha sauti watu wasigundue. Kila onyesho alikuwa anakufunika hivyo." Miaka yote ile sikujua. Nilidhani besi yangu ndiyo inayombeba! Akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi pia.

Akinisindikiza getini akasema, "Metodi, ukitaka nije, usiue kitu. Sema tu: Rumyana, njoo."

Alhamisi, 17 Novemba

Mtu mpya! Nimeamka nikiwa nimeazimia: ukweli mtupu. Nimeshika simu. "Rumyana, njoo." Maneno mawili tu.

Nimejaribu mbele ya kioo. Hayatoki. Hivi hivi, bila sababu? Atanionaje? Nimejaribu nikiwa nimevaa kofia. Hayatoki.

Nikafungua Afya ya Tovuti, kujiliwaza tu. Mungu mkubwa! Onyo jipya, la rangi ya chungwa! Najua chanzo chake fika, ni mlango ule ule wa kampuni. Lakini rangi ni rangi.

Nikamwandikia: "Rumyana, hali imebadilika ghafla. Nahisi safari hii ni mapafu."

Simu sijaiweka mezani, jibu likaingia: "Nilishavaa koti tangu asubuhi. Injika maji."

Mapafu! Maskini, mama wa watu anaamini kila kitu.